Pembe Hufa Kabla ya Tundu

Maneno niliyowaambia vijana wanaojifunza usonara na kazi ya shaba, Kamalondo, Lubumbashi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Jambo wapapa, jambo wamama, jambo nanyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani sitawaona.

Kabla sijaanza, chukueni bangili hizi mbili. Zote za shaba, nimezitengeneza wiki moja, unene mmoja, milimita tatu, na zimeng'arishwa kwa kitambaa kilekile. Zipitisheni mkono kwa mkono. Anayetaka kuvaa avae, mama akipenda azilinganishe na kitenge chake. Moja ina ugonjwa. Sisemi ipi. Nitaziomba tena tukimaliza, na zirudi mbili.

Nimeitwa niseme juu ya kuvuta waya ya mviringo kutoka kwenye ufito wa mraba. Najua wengi wenu mmeshavuta. Ateliye (karakana) yoyote ya vito hapa mjini ina kile kibapa cha chuma chenye safu za matundu, kubwa mpaka dogo kabisa. Sisi tunakiita filieri. Kiswahili kina jina lake la zamani, chamburo, na mimi leo nitasema chamburo, maana kitu chenye jina hakina haja ya kuazima.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, ateliye yangu ikiwa bado chini ya mwembe, nilitengeneza mkufu wa fedha wa bibi harusi. Vipete vya waya, kimoja ndani ya kingine, mia mbili na zaidi. Ulimeremeta mpaka nikamwita jirani aje auone. Harusi ikapita. Jumanne yake mama wa binti akaingia, hakusalimu, akautupa mkufu mezani: "Papa fundi, hii kitu yako iko inamuchoma mutoto ku shingo."

Nikachukua lenzi. Kwenye kipete kimoja kibanzi cha fedha kilikuwa kimeinuka, chembamba kama ule unyuzi wa muwa unaobaki katikati ya meno. Nikakikata, nikasugua, nikaomba radhi. Wiki mbili baadaye akarudi. Safari hii vipete vitatu, na chini ya kila kibanzi mstari mweusi uliofuata waya kwa urefu, kama mshono wa suruali. Nilipoona ule mstari nilijua hakuna cha kusugua. Nikaukata mkufu vipande mbele yake, nikavitia kwenye kichungu cha kuyeyushia, nikawasha moto. Kazi ya siku tisa ikawa tone moja linalozunguka. Mama aliniangalia akaniuliza kama nimerogwa.

Sikurogwa. Ugonjwa ule haukuingia nilipofunga vipete wala nilipotia lehemu. Uliingia fedha ikiwa bado nene kama kidole changu kidogo, siku niliyokuwa na haraka. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amenionya mapema kabisa, na mimi nikalisikia kama maneno ya wazee tu: "Mutoto, tundu haitengenezaka mviringo. Mviringo unaufanya weye, tundu inaukubali ao inaukatala." Kila mwanafunzi anaamini kinyume chake. Anaona tundu la duara, anaona ufito wa mraba, anasema: nikivuta kwa nguvu, duara litashinda. Duara hushinda kweli. Swali ni zile pembe nne zinakwenda wapi.

Nipeni chaki.

Huu ni mraba, milimita 4 kila upande. Kutoka ubapa mpaka ubapa wa pili ni 4. Kutoka pembe mpaka pembe, kwa mshazari, ni 5.66. Yaani pembe imeuzidi ubapa kwa asilimia 41. Ukiusukuma kwenye tundu, ubapa hauguswi na kitu, uko katikati hewani kama mgeni aliyekosa kiti. Pembe peke yake ndiyo inayosuguana na chuma. Na pembe iliyo kali, nyembamba, haina mwili nyuma yake wa kuisaidia kurudi ndani. Inafanya kilicho rahisi: inalala. Inaegemea upande, inakunjika juu ya ubapa wa jirani, kama pindo la kitenge unapolikandamiza kwa pasi. Tundu linalofuata linalibana lile pindo. La tatu linalibana zaidi. Ukifika la kumi unaona waya laini, ya mviringo, unafurahi, unamwita jirani aje aone.

Lakini chini ya ule ulaini pindo liko palepale. Halikuungana na mwili, maana metali baridi haiungani na metali baridi kwa kubanwa tu namna hiyo, tena katikati mmeingia nta, uchafu, na ule weusi wa moto. Siku unayoikunja waya kuwa kipete, upande wa nje unanyooshwa na pindo linafunguka. Ndipo mama anakuja Jumanne.

Sasa angalieni. Nikiua pembe nne nikapata ufito wa pembe nane, ubapa kwa ubapa milimita 4 hizohizo, pembe kwa pembe inakuwa 4.33. Kutoka asilimia 41 tumeshuka mpaka 8. Nikiua tena nikapata pembe kumi na sita, ni 4.08, haifiki hata asilimia 2. Hapo tundu halina kazi ngumu tena. Hakuna pembe ndefu ya kulala, kuna vilima vidogo tu, na kila kilima kina upana wa kutosha kurudi ndani ya mwili wake.

Hili si jambo geni kwenu. Mmewaona wanaochonga mipini ya majembe na michi ya vinu. Seremala hachukui mti wa mraba akaanza kuzungusha randa akitafuta duara. Anaua pembe nne, anabaki na nane. Anaua nane, anabaki na kumi na sita. Ndipo anachukua kipande cha chupa au msasa. Ukimuuliza kwa nini, hatakupa asilimia. Atakwambia mchi wenye pembe hutoa malengelenge.

Tofauti yetu na seremala ni moja: yeye pembe anaitupa chini, inakuwa kuni za kuchemshia chai. Sisi hatutupi. Anayepiga tupa pembe za dhahabu ili azimalize ni tajiri au ni mjinga, na tajiri simfahamu. Pembe tunaipiga nyundo.

Mjue namna ya kuipiga. Weka ufito juu ya fuawe ukiwa umesimama kwa pembe, pembe moja chini, moja juu. Mkono wa kushoto uushike kama unavyoshika mtoto anayejifunza kutembea, maana utataka kulala ubavu. Nyundo iwe ya uso laini, imeng'arishwa, nyepesi. Usipige. Gonga. Sauti inayotoka iwe tik, tik, tik, siyo ta! Kila ukigonga, sogeza milimita mbili, uende mpaka mwisho wa ufito, pembe ya juu iwe ubapa mwembamba uliolingana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Geuza robo, gonga pembe ya pili. Pembe ya chini nayo itakuwa imelala kidogo kwa sababu ya fuawe, usishangae, itakuja zamu yake. Ukimaliza zote nne, inua ufito kwenye mwanga wa dirisha uuzungushe taratibu. Mwanga utakimbia juu ya mabapa. Ukiona mabapa nane yenye upana unaokaribiana, endelea kwenye kumi na sita, ukigonga kwa wepesi zaidi. Ukiona manne mapana na manne kama uzi, bado una mraba unaojifanya. Rudia.

Ufito wa sentimita ishirini unanichukua dakika kumi kwa nane, kumi nyingine kwa kumi na sita. Dakika ishirini. Ule mkufu ulinila siku tisa, fedha iliyopotea kwenye moto na kwenye tupa, na mteja mmoja ambaye mpaka leo akiniona sokoni anavuka barabara.

Lakini ngojeni, kuna pindo jingine linaloingia kabla hata ya nyundo, na hili ndilo linalowapata wenye mashine. Mashine ya kubana, laminwari, ile ya silinda mbili zenye mifereji. Mfereji wa juu na wa chini vikikutana vinafanya tundu la mraba. Unaingiza mche, kile kipande kirefu cha metali ulichomimina, unazungusha mkono, unatoka mwembamba kidogo. Tamu sana. Mtu akionja utamu huo anakaza skrubu mara mbili badala ya moja, ili amalize haraka. Metali haina mahali pa kwenda, inatokea kwenye mwanya kati ya silinda mbili. Unapata ufito wenye mapezi mawili membamba, kushoto na kulia, kama samaki. Halafu, na hapa ndipo dhambi inapotendeka, anaugeuza robo kama alivyofundishwa na kuupitisha tena. Yale mapezi yanalazwa juu ya mwili na kukandamizwa kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauna. Ukitazama, hakuna pezi tena, limetoweka, ufito ni mraba mzuri. Limetoweka ndani!

Kwa hiyo: kaza kidogo, geuza robo kila mara, na kidole kipite pembeni kila unapotoa. Ukihisi pezi, simama. Lipige tupa mpaka liishe, na hapo sina huruma hata kama ni dhahabu. Unga wake utauokota kwenye ngozi iliyo mapajani, hautapotea. Mimi mwenyewe, ule mkufu, nikikumbuka vizuri nilifanya makosa yote mawili siku moja, mapezi asubuhi na pembe mchana.

Kuhusu mche wenyewe nitasema haraka. Kalibu iwe na joto na mafuta kidogo, umimine bila kusita, na kabla ya kubana uukague pande zote. Shaba safi ina tabia ya kumeza hewa inapoyeyuka, ndiyo maana miche yake mara nyingi ina vishimo. Funika kwa mkaa unapoyeyusha. Kishimo unachokiona lazima ukipige tupa mpaka kiwe bonde pana lisilo na kingo. Na kwa nini nasumbuka na kishimo cha milimita moja? Hesabu tena. Mraba wa milimita 6 ukivutwa mpaka waya ya mviringo ya milimita 1, unarefuka mara 46 hivi. Mche wa sentimita kumi unakuwa waya ya mita nne na nusu. Na kishimo cha milimita moja nacho kinavutwa pamoja na ndugu zake: kinakuwa mkwaruzo wa sentimita nne na nusu. Hicho hakuna msasa utakaokimaliza.

Kijana mmoja hapa mbele ameinua mkono muda mrefu. (Aliuliza kwa nini tuteseke wakati waya iliyokwisha kuvutwa inauzwa.) Swali zuri, na mkiipata ya unene mnaoutaka inunueni, sitawazuia. Lakini mteja wako ni nani? Ni dada anayekuja na hereni za marehemu bibi yake, moja imekatika, anataka pete mbili za watoto kutoka dhahabu ileile. Hataki dhahabu nyingine hata ikiwa safi zaidi. Utamwambia asubiri ndege? Dhahabu ile utaiyeyusha mbele ya macho yake, utaimimina, na kutoka hapo ni wewe, nyundo na chamburo.

Na isitoshe, waya si kitu kilichoshuka na ndege pale uwanja wa Luano. Mnaijua Bunkeya. Msiri alipokuwa mfalme kule, mpaka siku alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, wafua shaba wa Kiyeke, watu wake, walikuwa wanavuta waya nyembamba kwa bangili zao, waya iliyozungushwa juu ya nyuzi au singa za mkia wa mnyama mpaka bangili ikajikunja kama nyoka. Waya hiyo nyembamba Kiswahili kinaiita udodi. Na kabla ya Wayeke? Kule Ingombe Ilede, Zambia, kwenye bonde la Zambezi, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi kuanzia mwaka 1960. Baadhi ya watu waliozikwa pale walilazwa na misalaba ya shaba kama hii yetu ya Katanga, na pembeni vyombo vyao vya kuvutia waya. Mtu alizikwa na chamburo chake! Hiyo ni karne kadhaa kabla reli haijafika hapa mwaka 1910. Mimi nikiwaza juu ya yule fundi najiuliza kama naye aliwahi kumrudishia mtu bangili.

Nami nitasema lililo moyoni, mnisamehe. Shaba inatoka hapa kama vibao vya kathodi, yaani shaba iliyokwisha kusafishwa, juu ya malori, usiku na mchana, na inarudi imevishwa plastiki, ikiitwa kebo. Waliovuta waya kwa mkono katika nchi hii walikuwa wajukuu wa wajukuu zetu kwa ujuzi… samahani, nimegeuza, babu wa babu zetu. (Walicheka, nami nikacheka.) Mnaelewa nilichotaka kusema. Na wale wanaotafuta shaba ya kujifunzia kwenye kebo za umeme mtaani, acheni. Mtaa unalala gizani kwa ajili ya bangili yako. Tena kuchoma ile plastiki ni kuvuta sumu.

Turudi. Ufito una pembe kumi na sita. Sasa moto.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Metali ina bahati kuliko samaki: ikikauka unairudisha ubichi. Kila ukiipiga nyundo na kuivuta inakakamaa, na ikikakamaa haitiririki tena ndani ya tundu, inapasuka. Choma mpaka iwe nyekundu iliyofifia, ile unayoiona vizuri ukifunga dirisha. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, ni kama digrii 650, na ikumbukwe inayeyuka mapema kuliko fedha safi, ambayo hungoja 962, kwa hiyo mwenye kusubiri wekundu mkali anakaribisha msiba. Tumbukiza majini. Wale waliotoka garaji wananiambia kila mara, "Papa, ukitia majini itakuwa ngumu." Hiyo ni chuma cha pua. Shaba na fedha hazijui habari hizo. Dhahabu nyekundu ya karati 18, yenye shaba nyingi, ndiyo kabisa: ukiiacha ipoe polepole inakuwa ngumu, majini inabaki laini.

Waya ikishakuwa nyembamba usiichome ikiwa imesambaa. Izungushe iwe kama kata ya kichwani, ibane, ipashe kutoka pande zote, vinginevyo uzi wa nje unayeyuka wa ndani ukiwa baridi. Na ukiifunga kwa waya ya chuma, ifungue kabla ya kuitia kwenye asidi. Chuma kikiingia mle fedha yako itatoka ya pinki, na mteja atadhani umemwibia.

Rudia moto mara ngapi? Vitabu vina namba zake. Mimi nasikiliza mkono. Matundu matatu mpaka matano, halafu koleo linaanza kunikatalia. Nikihisi linakataa, sibishani, nawasha moto.

Sasa ncha. Ipige tupa ichongoke taratibu kwa urefu wa sentimita mbili au tatu, kama penseli, siyo kama kisu. Iingize upande wa tundu ulio mpana, kila tundu la chamburo lina mdomo mpana kwa nyuma na shingo nyembamba mbele, na waya huingilia mdomoni. Nimemwona mtu mzima mwenye ateliye yake akivuta kinyume kwa mwaka mzima na kulalamika kwamba chamburo ni cha kichina. Kilikuwa cha kichina kweli, lakini hakikuwa na kosa.

Bana chamburo kwenye jiliwa. Paka nta ya nyuki. Sabuni ya mche inafaa, mafuta yanafaa, nta ndiyo ninayoipenda kwa sababu inakaa. Tundu la kwanza liwe lile ambalo waya karibu inapita bila kubanwa. Hapo ndipo uvumilivu wa watu unapokwisha: wanaona tundu la kwanza halifanyi kitu, wanaruka mawili. Usiruke hata moja. Hayo matundu ya kwanza ndiyo yanayobembeleza vile vilima kumi na sita. Mimi kwenye matatu ya mwanzo napitisha mara mbili kila tundu, na ya pili naigeuza waya kidogo mkononi.

Vuta ikiwa imenyooka na tundu, siyo juu wala chini wala ubavuni. Ukivuta kwa mshazari, waya inajipinda kama mkia wa nguruwe, inakwaruzwa upande mmoja, na tundu lenyewe siku zikienda linakuwa yai. Na ukianza, usisimame katikati. Mahali uliposimama patabaki na pete ndogo, alama ambayo utaiona kila siku ya maisha yako ingawa mteja haoni. Mguu mmoja uwe nyuma. Ncha ikikatika ghafla, na itakatika, utakwenda nyuma pamoja na koleo lako. Mimi nilikalia ndoo ya maji mbele ya wanafunzi watano. Tangu siku hiyo nilimpelekea jirani wa garaji mbao na mnyororo wa pikipiki akanitengenezea benchi la kuvutia, lenye mkono wa kuzungusha, na mgongo wangu unamshukuru kila asubuhi.

Nimeacha kwa makusudi jambo la mwisho: utajuaje kwamba pindo limo, kabla ya mama wa watu kujua?

Jicho halitakwambia. Bangili mnazo mikononi, mmeziangalia nusu saa nzima, nawaona mnabishana. Mng'aro ni mwongo mkubwa. Kuna mambo mawili ninayoyafanya, na nayafanya waya ikiwa bado nene, kwenye milimita tatu, kabla sijaendelea kushuka. La kwanza ni pamba. Chukua kipande cha pamba kavu, kizungushe kwenye waya, uivute taratibu mpaka mwisho, halafu urudi upande wa pili, maana kibanzi hulala kuelekea upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukienda nayo hakisemi kitu, ukienda kinyume kinanasa. Ukiona unyuzi mmoja mweupe umebaki umeshikwa, pale ndipo. La pili ni kukunja kipande cha mwisho juu ya msumari mnene na kuangalia mgongo wake kwa lenzi. Ukiona mstari mweusi unafunguka kufuata urefu wa waya, hiyo ni pembe ya zamani inakusalimu.

Ukiipata mapema, na ni moja, mahali pamoja, ikwangue kwa kisu cha kukwangulia au tupa nyembamba mpaka chini, mpaka umeona metali safi bila mstari, bonde liwe pana na refu, ndipo uendelee. Ukiipata pande zote nne, usihangaike. Kichungu kiko pale. Najua inauma. Wengine wanapaka lehemu juu ya mstari wauzibe, na mimi nimewahi kufanya hivyo, lakini lehemu ina rangi yake, na miezi sita baadaye mstari unarudi ukiwa mpana zaidi.

Kuna namna nyingine ya kumaliza pembe, nitaitaja kwa kuwa ni nzuri, ingawa siitumii kwa waya nene. Mafundi wa Misri ya kale na wa Ugiriki, kwa karne nyingi, walitengeneza waya ya dhahabu bila chamburo kabisa. Walichukua ufito mwembamba wa mraba au ukanda mwembamba, wakausokota kama kamba, halafu wakauviringisha kati ya vibao viwili bapa mpaka ukawa wa mviringo. Ukiitazama waya yao kwa lenzi utaona mistari inayozunguka kama ya skrubu. Wanaokagua vito vya kale huitafuta mistari hiyo: mistari ikizunguka, imesokotwa, ikinyooka na waya, imevutwa. Jaribuni kwa shaba ya milimita moja, inafurahisha, na watoto nyumbani watawasaidia kuviringisha.

Basi. Bangili ziko wapi? Moja naiona kwa mama pale, na ya pili… asante. Dada uliyekaa karibu na dirisha, njoo mbele. Pamba hii. Usiniangalie mimi, angalia pamba. Pitisha ya kwanza. Polepole. Sasa geuza, uirudishe kinyume.

Haya, mwambie yule kijana wa mlangoni umeona nini.